Kichwa cha Mtoto na Kiatu cha Papa Mukubwa

Mwanangu alianguka Jumapili asubuhi, nimeshamvalisha nguo za kanisani, na mpaka leo sijaamua ni kipi kilichonitesa zaidi siku ile, kichwa chake au ndugu zake.

Tulikuwa tumepanga nyumba Kamalondo, na uani nilikuwa nauza makala, yaani makaa ya kupikia. Magunia niliyapanga juu kwa juu mpaka yakalingana na utosi wangu. Mtoto alikuwa anaelekea miaka mitatu. Niliingia ndani kutafuta kilemba changu, na nilipotoka alikuwa ameshapanda, amesimama kileleni kama mhubiri, ananiita nimwone. Nilimwona vizuri sana. Alianguka mbele ya macho yangu, paji la uso likapiga sementi.

Alilia papo hapo, kwa sauti ya kuita mtaa, na mtaa ukaitika. Kamalondo hakuna nyumba isiyo na fundi wa nundu. Wa kwanza alileta siagi. Wa pili akasema siagi haina kazi, akapaka chumvi. Wa tatu akaigandamiza nundu kwa kijiko cha baridi mpaka nikamnyang'anya kijiko. Kisha akaja mama muuza vitumbua, akamshindilia mtoto kitumbua kinywani ili anyamaze. Akanyamaza. Baada ya muda mfupi akakitapika chote juu ya shati jeupe, na hapo ndipo neno skaneri lilipoingia uani kwangu.

Skaneri, kwa asiyeijua, ni mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Mjini kwetu sifa yake imepita kazi yake. Utasikia watu wakisema, "Alianguka na moto, bakamupitisha mu skaneri, akapona," utadhani mashine ile inatoa dawa. Moto ndiyo pikipiki. Mtoto aliyepita humo husimuliwa kama mtoto aliyefika Ulaya. Majirani zangu walikata shauri kabla sijamaliza kufuta matapishi: bila skaneri mtoto huyu hata kuhesabu hatajua.

Mume wangu hakuwepo. Ni dereva wa lori, na alikuwa amekwenda Kilwa, ile ya kwetu ya ziwani, kupakia samaki wakavu. Barabara ile ikishakumeza, inakumeza pamoja na simu yako. Basi nikafanya kama nilivyolelewa, nikaita pande zote mbili za ukoo. Laiti ningeita takisi tu.

Wa kwanza kufika alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Hao ni watu wa Kivu ya Kaskazini, wafanyabiashara wa jumla, Wakristo wa kuamka alfajiri, na yeye ndiye aliyefanikiwa kuliko wenzake. Ana maghala, ana malori, na ana nyumba Golf, mtaa wa matajiri, yenye ukuta mrefu kuliko nyumba yangu nzima. Mtoto humwita Papa Mukubwa, yaani Baba Mkubwa, nasi sote tukafuata. Alikuja moja kwa moja kutoka ibadani, amevaa suti, na miguuni viatu vyeusi vya ncha ndefu vilivyopigwa kiwi mpaka vikawa vioo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu viatu. Tangu alipojua kutembea, mwanangu huiba viatu. Kimoja tu, viwili hataki. Mgeni akivua viatu akaketi, chai haijapoa kimoja kimeshaondoka, na tutakikuta kwenye ndoo ya maji, au katikati ya makala, au chunguni. Padri alishawahi kuondoka kwetu na kandambili yangu mguu mmoja. Nilimchapa, nikambembeleza, nikamtishia polisi, kazi bure. Kwa hiyo Papa Mukubwa alipovuka mlango na viatu vile, nilimshika mtoto mkono kwa mazoea. Haikuhitajika. Aliviangalia, kisha akalaza kichwa begani kwangu.

Nikamgusa shingo kutafuta homa. Wengine wote waliona mtoto mwenye adabu.

"Mutoto ya kwetu haitapimwa na kijiko," alisema Papa Mukubwa. "Tunaenda Golf. Skaneri iko kule."

"Nani alikuambia mutoto ni ya kwenu?"

Hiyo ilikuwa sauti ya mjomba wangu, kaka wa marehemu mama yangu, akiingia kwa lango la uani. Ni mshona nguo, ana kibanda chake hapo hapo Kamalondo, na utepe wa kupimia humning'inia shingoni hata Jumapili. Kwetu sisi Wabemba, mtoto hufuata upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Kwao wale wa Kivu, mtoto ni wa baba na ndugu za baba, hakuna mjadala. Siku ya harusi yetu pande hizi mbili zilikumbatiana, zikacheza, zikala bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja, na hakuna aliyekumbuka kuuliza itakuwaje mtoto akianguka.

Tulikwenda wote kwa gari la Papa Mukubwa. Mjomba alikaa mbele, akidai kwamba mwenye mtoto hawezi kukaa nyuma. Mimi nilikaa nyuma na mtoto mwenyewe, ambaye hakuna aliyegombania nafasi ya kukaa naye.

Kliniki ilikuwa safi, na kibaraza chake kilikuwa na mabenchi marefu. Mpokeaji wagonjwa, msichana mwenye subira ya kufundishwa, aliuliza, "Nani anajibu juu ya mutoto?" Wanaume wawili wakasimama kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshasimama, maana nilikuwa nimembeba.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, sauti yake ya chini. Alimlaza mtoto, akamshika kichwa chote pole pole kwa vidole, akammulika machoni, akamwambia aguse pua, akamsimamisha atembee kuelekea kwangu. Akaniuliza alianguka kutoka wapi, alilia lini, alizimia au hakuzimia, alitapika mara ngapi. Nilijibu yote. Papa Mukubwa na mjomba nao walijibu yote, ingawa wakati wa kuanguka mmoja alikuwa anaimba zaburi na mwingine alikuwa amelala.

"Mufupa haikuvunjika," daktari akasema. "Alilia palepale, hakuzimia, anaona, anatembea. Kinachonisumbua ni urefu wa yale magunia na yale matapishi. Kama ni kitumbua ama ni kichwa, sijue bado."

"Basi skaneri," akasema Papa Mukubwa.

"Papa, ile mashine inatumia miale. Ubongo ya mutoto mudogo ingali inakomaa, hatuipige miale bila sababu. Na mule ndani lazima atulie kabisa. Asipotulia, tunamulalisha na dawa, na ile dawa nayo iko na hatari yake. Kwa mutoto kama huyu tunakaa kwanza, tunamuangalia masaa. Akitapika tena, akisinzia kupita kiasi, akibadilika, nitamuingiza palepale."

Mtu mwenye akili timamu angesema asante na kukaa. Mimi nilikaa. Papa Mukubwa alisema kwamba ukoo wake haungoji. Mjomba akasema kwamba ukoo wa nani. Daktari akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema kwa upole kabisa, "Basi, ba papa, mukubaliane kwanza. Mimi niko hapa." Akawaonyesha kibaraza. Nilidhani ametuchoka.

Wahenga wanasema penye wazee haliharibiki neno. Wahenga hao hawakukaa kwenye kibaraza kile.

"Kitanda hakizai haramu," alianza Papa Mukubwa, akimaanisha mtoto ni wa mwenye kitanda.

"Na kile kitanda nani alikinunua?" akauliza mjomba, aliyekinunua yeye, zawadi ya harusi.

Papa Mukubwa akabadilisha njia. Akasema watoto wote wa mtaa wake wamepita kwenye skaneri, hata yule aliyegongwa na mpira tu, na kwamba ni aibu mtoto wa jina lao kuwa wa kwanza kukosa. Mjomba akajibu kwamba kwetu baba ni mgeni, anakulaka na anaendaka, na ushahidi ni kwamba hata sasa yuko Kilwa. Watu wengine waliokuja na wagonjwa wao wakasogeza mabenchi ili wasikie vizuri. Mama mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji alikuwa upande wa mjomba. Mume wake alikuwa upande wa Papa Mukubwa, nao wakaanza ya kwao.

Adhuhuri kulitokea ajabu. Papa Mukubwa alikumbuka lile neno miale. Alilirudia mara mbili tatu, akalionja, halikumpendeza. "Miale mu kichwa ya mutoto yetu? Hapana. Siye hatukubali." Mjomba wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameapa kwamba skaneri itapita juu ya maiti yake, akaruka. "Kumbe munataka kumufichia mutoto yetu ugonjwa. Lazima apite mu skaneri, leo leo." Wakaendelea vile vile, kwa sauti ile ile na vidole vile vile, ila kila mmoja sasa alikuwa akiitetea hoja ya mwenzake. Hakuna aliyegundua. Nilitafuta mtu wa kucheka naye, nikakosa.

Kusema kweli hata mimi sikuwa na kicheko. Muda wote ule mtoto alikuwa mapajani mwangu, ametulia. Kumbe ugomvi mrefu huchosha miguu. Mbele yetu, chini ya benchi, Papa Mukubwa alikuwa amevua viatu vyake vinavyombana. Mjomba amevua makubazi. Mume wa yule mama wa bandeji naye kavua. Kibaraza kizima kilikuwa soko la viatu, na mwanangu alivitazama kama mtu aliyeshiba anavyotazama chakula cha jirani. Niliogopa.

Mjomba akaja na utepe wake akapima nundu, kisha akapima kichwa kizima kwa kuzungusha, kama wa kushonewa kofia, akatangaza vipimo kwa kibaraza chote. Papa Mukubwa akataka kipimo cha pili, kisimamiwe na upande wa baba. Mtoto akavumilia vyote. "Munaona?" walisema wote wawili, kwa mara ya kwanza kwa sauti moja. "Mutoto ametulia. Iko na heshima."

Daktari alikuwa akipita kila baada ya muda. Kila mara alichuchumaa, akamulika macho, akampa mtoto kidole akikamate, akauliza kama ametapika tena, kisha akawaambia wanaume, "Bado? Haya, ongeeni pole pole," na kwenda zake. Safari hii hakuondoka. Alibaki amechuchumaa, akanitazama mimi.

"Mama, we unamuona namna gani? Iko vile anakuwaka siku zote?"

Nilikuwa nimekasirika tangu asubuhi kwamba hakuna anayeniuliza. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani, ya kitanda, ya kiti cha mbele, ya vidole vyao. Sasa nimeulizwa, nikaanza kupima kila neno. Maana Papa Mukubwa akikosea, ataambiwa amekosea kwa heshima. Mjomba akikosea, ni ukoo umekosea. Mimi nikikosea ni mwanangu, basi.

"Hapana, docteur," nikasema. "Haiko vile."

Papa Mukubwa akageuka, kidole bado kiko hewani.

"Namna gani?"

"Hajaiba kiatu."

Wakacheka. Wacha wacheke. Yule mama wa bandeji alicheka mpaka akashika mguu. Mjomba akainama kwa aibu, akaniambia huku ameuma meno, "Mama mutoto, mambo ya nyumbani haisemwake mu hopitali." Daktari ndiye pekee asiyecheka. Alinitaka nimweleze, nikamweleza: kimoja tu, kila mgeni, tangu ajue kutembea, na leo vimejaa mbele yake na hana habari navyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama vile viatu, akamtazama mtoto.

"Pengine amechoka, pengine anaogopa bantu wengi," akasema. "Pengine hapana. We mama njo unamujua. Tutamuangalia tena. Jua likitoka mu ile dirisha na angali hivi, namupeleka mu skaneri, na siulize muntu."

Tukabaki tunangoja. Nimewahi kuomba Mungu mambo mengi, mvua isilowanishe makala, mume arudi salama kutoka Kilwa. Sijawahi kuomba mwanangu awe mwizi. Siku ile niliomba, kwa moyo wote, nimefumba macho. Nilimwahidi Mungu kwamba sitamchapa tena, aibe vya padri, aibe vya askofu. Nikamshusha chini, nikamkalisha sakafuni karibu na benchi, nikageuza uso kidogo, kwa sababu mwanangu haibi akitazamwa. Alikaa. Akashika uzi wa soksi yake. Akapiga miayo, nami nikaihesabu miayo ile kama hukumu. Jua lilikuwa limebaki ukingoni mwa dirisha.

Wakati huo huo kikao kilikuwa kimefika mwisho. Sijui nani alimchosha nani. Walikubaliana skaneri ifanyike, kwa masharti: upande wa baba ndio utakaoipokea picha, upande wa mama ndio utakaoitunza, na wakati mtoto akiingia kwenye mashine wazee wawili wasimame mlangoni, mmoja kila upande. Mjomba alikohoa. Papa Mukubwa akainuka kutangaza uamuzi, akaingiza mguu wa kulia kwenye kiatu, akaupeleka wa kushoto, ukakanyaga sakafu.

Akatazama chini ya benchi. Akatazama nyuma ya benchi. Akamtazama mjomba.

"Usiniangalie mimi," akasema mjomba. "Makubazi yangu njo hii."

Nilishuka chini, nikatambaa kwa magoti, kilemba kikanidondoka. Mtoto hakuwa pale nilipomkalisha. Alikuwa mwisho wa kibaraza, penye ndoo ya maji ya kupigia deki, amesimama wima, mikono nyuma, anatazama ukuta. Ndivyo anavyosimama siku zote akishamaliza. Ndani ya ndoo, ncha juu, kilikuwa kiatu cha Papa Mukubwa, na povu jeupe likikizunguka.

Nililia. Sina haya kusema, nililia kwa kwikwi, nimekaa sakafuni kliniki ya Golf, na nikakumbatia mtoto na kiatu pamoja mpaka gauni la kanisani likalowa maji ya deki. Papa Mukubwa alidhani nalia kwa ajili ya kiatu, akaniambia si kitu, anavyo vingine. Daktari alikuja, akachuchumaa kama kawaida yake. Hakuangalia ndoo kwanza, aliniangalia mimi.

"Mama, sasa iko vile anakuwaka?"

"Iko yeye mwenyewe, docteur."

Akammulika tena, akamtembeza tena, akamkagua tena tangu mwanzo bila haraka. Kisha akasema hahitaji skaneri, arudi nyumbani. Akanieleza mimi, ana kwa ana, mambo ya kuchunga: akitapika tena, akiwa mgumu kuamka, akitetemeka, akitembea ovyo, akilia bila kubembelezeka, nirudi mbio. "Ama akiacha tena viatu," akaongeza, na hakuwa anatania.

Hapo ndipo wazee wetu walipokasirika kweli kweli. Wamekaa tangu asubuhi, wamekubaliana, wameweka masharti, halafu skaneri hakuna? Papa Mukubwa alisema hiyo ni dharau. Mjomba akasema ni dharau kubwa. Walitoka kwenye kliniki ile wameshikana mikono, mmoja amevaa kiatu kimoja na ndara ya plastiki ya kuazima, mwingine akimsaidia kushuka ngazi, wakimlaani daktari kwa upendo wa kindugu. Tangu harusi yetu sikuwa nimewaona hivyo. Njiani mjomba alikaa nyuma bila kuombwa.

Mtoto hakutapika tena. Nundu ikawa ya buluu, ikawa ya kijani, ikaisha. Mtaani hadithi ilienea katika nakala mbili. Kwa watu wa Kivu, Papa Mukubwa aliwakatalia madaktari kupiga miale kichwa cha mtoto wao. Kwa watu wa Kamalondo, mjomba alimpima mtoto kwa utepe, akajua palepale kwamba ni mzima. Na mama muuza vitumbua husema mpaka leo kwamba mtoto alipona kwa skaneri.

Mume wangu alirudi na samaki wake, amejaa vumbi la barabara ya Kilwa mpaka kwenye kope. Habari alizipata njiani, nakala zote mbili. Alivua viatu mlangoni, akaketi, nikampa maji. Akanywa, akafuta mdomo, akauliza swali lake la kwanza.

"Sasa, nani njo alikata ile maneno?"

Nilimtazama mume wangu, mtu mwema, mchapa kazi, mwana wa watu wa Kivu. Nilikwenda mlangoni, nikachagua kiatu cha kushoto, nikampelekea mtoto mkononi.